Mteja wa Nane

Zilibaki wiki sita, na Daktari alikuwa na wateja saba. Alitakiwa kuwa na wanane.

Tuelewane kwanza kuhusu hilo jina. Hakuwa daktari wa chochote. Hajawahi kushika sindano, na akiona damu hugeuza uso. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba aliyesomea saikolojia. Mtaa wake haukuwa na subira na neno refu namna hiyo, ukamwita Daktari wa Vichaa, kisha ukaona uvivu ukaishia kwenye Daktari. Mama yake alilipenda jina hilo hata likiwa la kejeli. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kila aliyekuja kumpimisha mtoto kiuno aliambiwa kwamba binti wa nyumba hii amebakiza hatua moja tu apate leseni.

Hatua yenyewe ilikuwa hii. Baraza linalotoa leseni lilitaka saa mia sita za kazi chini ya msimamizi, na kesi nane zilizoandikwa kwa ukamilifu, kila moja na fomu ya ridhaa iliyotiwa sahihi na mteja mwenyewe. Saa alikuwa nazo. Alizitumikia bila mshahara kwenye kliniki ya vyumba viwili iliyokuwa juu ya duka la rangi, mahali ambapo mtu akitoa machozi hujui ni ya uchungu au ni ya harufu. Kesi ya nane ilikuwa ya mwalimu mmoja wa kike, naye baada ya vikao vitatu alituma ujumbe kwamba mumewe amejua, na amesema mambo ya nyumbani yasemwe nyumbani. Baraza lingepokea maombi hadi mwisho wa mwezi uliofuata, basi, mpaka mwaka mwingine.

Akaenda kumweleza msimamizi wake. Huyu naye aliitwa Profesa, uprofesa aliopewa na redio. Kila Jumamosi saa kumi alasiri alikuwa na kipindi ambacho watu walipiga simu wakaeleza masaibu yao, naye akawajibu huku akicheka. Kliniki ilikuwa yake. Alikuwa na tabia ya kuchokonoa meno kwa pembe ya fomu ya mteja, kisha anairudisha fomu ile ndani ya faili kana kwamba hakuna kilichotokea. Nayasema haya mapema ili mjue tunazungumza habari za mtu wa namna gani.

Profesa alimsikiliza kwa jicho moja, jingine likiwa kwenye simu. Akamwambia kwamba kesi ni kesi, kila nyumba inayo moja, aende akatafute.

Maskini, akatii. Akaenda kutafuta kwenye nyumba ya karibu kuliko zote.

*

Baba yake alikuwa amestaafu ulinzi. Miaka kumi na tisa nyuma alikuwa akilinda ghala la vifaa vya umeme pamoja na mwenzake mmoja. Majambazi waliingia, mwenzake akauawa, yeye akapona. Kampuni ilimpa cheti cha ushujaa chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na mama akakitundika ukutani juu ya cherehani. Mtaa mzima umekunywa chai chini ya cheti hicho.

Nyumba yao ilikuwa na jambo moja ambalo wageni hawakuligundua. Mlango wa mbele haukufungwa tangu asubuhi hadi watu wanapokwenda kulala, mvua inyeshe, vumbi liingie. Vyumba vya ndani vilikuwa na mapazia, hata bafu lilikuwa na pazia. Mtu akija hupiga hodi kwa mdomo, naye hukaribishwa. Kwa kuwa kila mtu hupiga hodi kwa mdomo, nani angejua kwamba hapa kugonga ni marufuku? Binti alikulia humo akidhani ndivyo nyumba zilivyo. Ni chuoni, alipofundishwa kuangalia kile ambacho watu hukikwepa, ndipo alipojiuliza mbona baba hajawahi kuwa upande mmoja wa mlango uliofungwa na mtu akawa upande wa pili.

Alasiri moja akachukua kigoda, akakaa karibu naye barazani. Baba alikuwa akimsaidia mkewe kufumua nyuzi za kushikizia kwenye sketi za shule, kazi aliyoifanya kwa uangalifu kama anatoa mwiba kwenye kidole cha mtoto. Binti hakuuliza kwa pupa. Aliuliza walivyofundishwa kuuliza, swali dogo, kisha kimya, kisha swali dogo jingine. Kimya cha namna ile watu hawakiwezi, hukijaza wenyewe.

Ilichukua alasiri nne. Siku ya nne ndipo baba alipolisema. Siku ile ya majambazi alikuwa ndani ya stoo, mwenzake nje. Aliposikia kelele aliusukuma mlango wa chuma akaukomea kutoka ndani. Mwenzake akakimbilia pale pale. Akagonga. Akamwita kwa jina. Baba alisimama hatua moja kutoka kwenye komeo, na mkono haukuinuka. Kampuni iliambiwa kwamba komeo lilikwama alipojaribu kumfungulia. Mkewe alimweleza yeye ukweli mara moja tu, mwaka uleule, wala hawakuurudia tena.

Alipomaliza alijifuta uso kwa sketi ya mtoto wa watu, akacheka kwa aibu, akamwambia binti kwamba hajui kwa nini amemchosha na habari za zamani. Jioni yake alimwambia mkewe kwamba siku hizi binti yao anakaa naye, na kwamba elimu imemtuliza. Yule mzee alifurahi. Hapo ndipo kinyaa kinaponianza mimi ninayesimulia.

Maana binti aliingia ndani akaandika. Mteja wa Nane, mwanamume, umri miaka hamsini na nne, bawabu wa shule, watoto watatu. Ghala akaligeuza duka, mwenzake wa kazi akamgeuza binamu. Alibadilisha kila kitu kama alivyofundishwa, isipokuwa vitu viwili: mlango usiogongwa na cheti kilichoko ukutani. Hivyo hakuweza kuvibadilisha, kwa sababu ndivyo vilivyoifanya kesi kuwa kesi. Mtu wa kawaida angeona mara moja kwamba ameficha nguo akaacha uso. Yeye aliona kwamba ameandika vizuri, na kweli aliandika vizuri, kurasa kumi na moja, bila neno la ziada.

Ikabaki fomu ya ridhaa. Akampelekea baba barazani, akiwa ameikunja sehemu ya juu, akamwambia ni karatasi za chuo zinahitaji sahihi ya mzazi. Baba alikuwa ameacha miwani ndani. Aliuliza aweke wapi, akaonyeshwa, akaweka.

*

Profesa aliisoma ile kesi akaacha kuchokonoa meno. Alimwambia kwamba kwa miaka yote aliyosimamia wanafunzi hajapata kuona kitu kama hiki. Binti aliteremka ngazi za kliniki akitabasamu peke yake, mpaka muuza rangi akamwuliza kama ameposwa.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi alasiri, redio ilikuwa imewashwa kama kawaida. Mama aliiwasha kila Jumamosi kwa fahari, kwa kuwa aliyekuwa akizungumza ni bosi wa mwanawe. Siku hiyo palikuwa na kina mama wawili waliokuja kuchukua sare, baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, na Daktari alikuwa mezani akikunja mashati.

Profesa alianza kwa kusema kwamba leo anawaletea kisa kitamu. Kuna mteja wake mmoja, alisema, ameacha mwenziwe auawe mlangoni, na dunia ikampa cheti cha ushujaa akakitundika ukutani. Tangu siku hiyo nyumbani kwake mlango haufungwi na mtu hagongi. Mnajua ukimgongea inakuwaje? Akagonga meza ya studio mara tatu. Ngo, ngo, ngo. Kisha akaigiza mzee anayeruka kutoka kitini, na mtangazaji mwenzake akacheka hadi akakohoa. Msikilizaji mmoja akapiga simu akashauri mzee huyo auze milango yake anunue pamba ya masikio.

Kina mama wale walicheka pia, kisa chenyewe kilisimuliwa kwa ufundi. Halafu mmoja wao macho yakampanda ukutani. Yakatua kwenye cheti, yakateremka hadi kwenye mlango uliokuwa wazi, yakamfikia mzee kwenye kiti chake. Kicheko kikamfia mdomoni. Akamwambia mwenzake kwamba wachukue tu nguo, vifungo vilivyobaki watavishona wenyewe.

Mama alizima redio. Cherehani ilinyamaza, na mtaani ilisikika sauti ya yule yule Profesa kutoka redio za majirani, maana nani hakumsikiliza Jumamosi?

Baba alikaa mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, akimtazama mkewe na si mwingine, "Jambo hili nilimwambia mtu mmoja. Miaka kumi na tisa."

Mama alifungua mdomo. Macho yake yakaenda kwa binti, yakaiona mikono iliyoacha kukunja shati katikati, na hapo akajua. Mama aliyemzaa mtoto hahitaji fomu. Angeweza kusema papo hapo. Alichofanya ni kuufumba mdomo na kuinama kuokota uzi chini.

Na binti je? Binti alijiambia kwamba baba amemsahau, kwamba mzee hamhesabu mtoto katika watu wanaoweza kutoa siri, na kwamba atasema, lakini si leo, leo baba ana hasira. Akaendelea kukunja shati. Mimi sitamtetea.

*

Jumatatu alimvamia Profesa kabla hajavua koti. Alimwambia kwamba ile ilikuwa kesi ya siri, kwamba mtaa umemtambua mtu, kwamba nyumba ya watu inaungua. Aliyasema yote.

Profesa alimwacha amalize, hilo alilijua vizuri, ndiyo kazi yake. Kisha akavuta faili, akaitoa fomu ya ridhaa, akailaza mezani akiigeuza upande wa binti ili aisome bila shida.

"Jina la ukoo la mteja huyu linafanana na lako," alisema. "Nilipoliona nikajiambia ni bahati tu, majina hufanana. Sasa unataka tuandike malalamiko kwa Baraza? Tuandike. Lakini fomu hizi hukaa kwangu, Baraza huziomba kukiwa na malalamiko tu. Wataanza na hii, na mwenye kueleza atakuwa wewe."

Halafu akawa mpole, na upole wake ndio uliochefua zaidi. Alimhakikishia kwamba hana nia mbaya. Saa zake mia sita atazisaini, kesi zote nane atazisaini, tena kwa mapendekezo mazuri. Alimwambia ana mkono wa kuandika, na kwamba akipata nyingine kama hii amletee, kipindi kinahitaji visa vyenye nyama. Alikuwa akiongea huku akitafuta kitu mezani, na alipokipata kilikuwa kipande cha karatasi, akaanza na meno ya nyuma.

Binti alisema, "Asante."

Alishuka ngazi mpaka nusu, akashika ukuta, akatapika kwenye kona ya ngazi palipokuwa na makopo matupu ya rangi. Muuza rangi akamletea maji na safari hii hakutania.

*

Kesho yake asubuhi alikuja mjane wa yule mlinzi aliyeuawa. Aliishi mitaa miwili kutoka hapo, na kwa miaka kumi na tisa baba ndiye aliyemzibia paa, aliyembebea mitungi ya gesi, aliyempeleka mwanawe siku ya kwanza shule. Alipiga hodi kwa mdomo, akakaribishwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Chai alikataa. Kukataa chai katika nyumba hiyo, kwa mwanamke yule, kulikuwa ni tusi, na mama alirudi na kikombe jikoni.

"Shemeji," mjane alisema, "yule wa redioni aligonga mara tatu. Nimekuja kuuliza kweli ilikuwa mara ngapi."

Baba alisema hakuhesabu. Mjane akangoja. Hakuwa amesomea kungoja popote, alingoja tu.

"Aligonga mpaka akaacha," baba alisema.

"Aliita jina lako?"

"Aliita."

Mjane alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo tayari aliikisia. Akasimama. Akamuaga mama kwa kumshika mkono, akamwambia amtakie Daktari heri ya masomo, kisha akamwambia baba kwamba paa lake asihangaike nalo tena. Alipotoka hakuharakisha. Binti alikuwa amesimama nyuma ya pazia tangu mwanzo, na hata hapo hakutoka kusema kwamba ni yeye.

Tangu Jumamosi ile baba alikuwa hasemi na mkewe. Si ugomvi, ugomvi una maneno. Mama akimwambia maji ya kuoga tayari, anapita kando yake kama anavyopita nguzo ya umeme. Akitaka chumvi anamwomba binti aliyekaa mbali, wakati chumvi iko mkononi mwa mama. Watu waliokuja kushonewa waliona, na wakaenda kueleza kwamba mzee ana haki, mwanamke amemwaga mtama penye kuku wengi, amemuuza mume kwa mtu wa redio kwa sababu binti yake anafanya kazi pale. Mwanamke mmoja alimwambia mama usoni kwamba yeye siri za mume wake atakufa nazo. Mama alikuwa na pini midomoni wakati huo. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, akamwambia ageuke ampime mgongo.

Wateja walipungua. Watoto walijifunza mchezo wa kupita mlangoni, kugonga na kukimbia, na mtu mzima mmoja, fundi baiskeli mwenye ndevu na wajukuu, naye aligonga siku moja huku akitabasamu, akajidai amesahau. Baba alihamia uani, akakaa kutwa akitazama ukuta wa jirani. Cheti mama alikiteremsha, akakifunga kwenye kitambaa cha sare kilichobaki na kukiweka chini ya kitanda.

Siku moja binti alimkuta mama peke yake jikoni. Alianza kusema, "Mama, yale mambo..." Mama alimkatiza, akamwuliza mahojiano ya Baraza ni lini. Akaambiwa Jumatano ya wiki inayofuata. Mama akasema basi asome, asijishughulishe na mambo ya watu wazima. Akamsukumia sahani.

Ungedhani binti angekataa. Alikula, akasoma.

*

Jumatano hiyo, siku ya kumi na tisa tangu redio, alisimama mbele ya watu watatu wa Baraza akiwa amevaa blauzi aliyoshonewa na mama kwa kazi hiyo. Walizipita kesi saba kwa haraka. Ya nane waliikalia. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani mikubwa, alimsifu kwa kina cha kazi ile, kisha akamwuliza amelindaje siri ya mteja.

Alijibu kwa ufasaha. Alieleza kubadilisha umri, kazi na idadi ya watoto. Alieleza umuhimu wa ridhaa, na akaongeza kwamba imani ya mteja ikishavunjika hairudi kwa kuunganishwa. Mwenyekiti aliandika kitu pembeni, na kwa kuwa karatasi ilikuwa karibu, binti aliweza kusoma: vizuri sana. Saa nane mchana alitoka na leseni yenye muhuri, ndani ya bahasha ngumu.

Nyumbani alimkuta mama kwenye cherehani akishona kola, na baba, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, ameketi ndani kwa sababu uani kulikuwa na jua kali. Binti aliweka bahasha mezani. Hakuna aliyeuliza. Akabaki amesimama, akasema, akimwangalia baba:

"Si mama. Ni mimi. Nilikuandika, nikakusainisha. Mama hajasema neno kwa mtu yeyote."

Baba aliitazama bahasha kwanza, kisha akamtazama yeye.

"Nilijua Jumamosi ileile," alisema. "Nimeishi na mama yako miaka thelathini na moja. Angekuwa mtu wa kusema, angeshasema. Nilitaka nione utamwachia mzigo ule mpaka lini. Umemwachia mpaka ukapata karatasi yako."

Binti alilia. Machozi yalikuwa ya kweli, nakubali, na hayakumsaidia mtu. Baba alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Ndipo wote wawili wakatambua kwamba cherehani imesimama.

Mama alikuwa ameuondoa mguu kwenye kanyagio. Aliutoa uzi kwenye sindano, akaufunga kwenye kibiringo chake, akafanya hivyo bila haraka. Alimwuliza mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe ulijua?"

Baba akasema alikuwa akimpima mtoto, haikuwa kwa ajili yake.

"Siku kumi na tisa," mama alisema. "Nimekuwekea maji, umepita. Nimekupa chakula, umekula umeninunia. Nimeitwa msaliti mbele ya wateja wangu, na wewe uko pale unasikia. Usiku nilijiuliza miaka yote hii nilikukosea wapi hata uniamini kidogo hivyo. Na ulijua. Huyu naye alijua. Mimi nilijua, nikanyamaza ili apate hiyo bahasha. Nyumba nzima tunajua aliyefanya, aliyeadhibiwa nikawa mimi."

Baba alisema, "Mke wangu." Lilikuwa neno lake la kwanza la upole kwake tangu siku ile, na lilichelewa mno.

Binti alipangusa pua. Na hapa nawaomba mnivumilie, maana hadi leo nikikumbuka naona haya kwa niaba yake. Alivuta kiti, akakisogeza karibu na mama, akainamisha kichwa upande kidogo, akalegeza mabega, akatoa ile sauti ya kliniki, laini, ya mtu ambaye hakuna kinachomhusu.

"Mama," alisema, "nasikia kwamba umeumia sana. Ungependa kutuambia zaidi jinsi..."

"Usinisikilize hivyo," mama alisema. "Mimi si wa tisa."

Akainuka. Alikung'uta vipande vya nyuzi kwenye gauni lake, akachukua mtandio uliokuwa nyuma ya kiti na pochi yake ndogo. Aliwaambia kwamba anakwenda kwa mjane, yule angalau alikuja kuuliza akangoja jibu. Kuhusu chakula hakusema chochote. Alipita kati yao, akatoka, na kwa dirisha walimwona akivuka barabara bila kugeuka, mpaka akaingia kwenye kona ya duka la mkate.

Walibaki wawili. Baba alizitazama kola zilizokuwa nusu, binti akaitazama bahasha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuketi vizuri. Haikupita nusu saa akaja mteja, mwanamke mmoja na bintiye mdogo aliyekuwa akianza shule Jumatatu. Alipiga hodi, akaingia, akatazama cherehani. Akamwuliza mzee mshonaji yuko wapi. Baba akasema ametoka.

"Anarudi lini?" mwanamke aliuliza.

Baba akamtazama binti, binti akamtazama baba. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.